Rómulo Barja na Bei ya Nyongeza

Wako watu wanaoua biashara kwa uvivu, wako wanaoiua kwa pombe, na wako wanaoiua kwa mapenzi. Rómulo Barja aliiua ya kwake kwa elimu ya Jumamosi tano. Nawasimulia nilivyoona kwa macho yangu, maana nauza mikate ya jibini hatua sita tu kutoka alipokuwa akikaa, na katika miaka sita ile sikukosa neno lake hata moja. Kulikosa ndiyo ingekuwa kazi. Mtu yule haongei, anatangaza.

Safu ya juisi iko ndani ya soko kuu la Sucre, mkono wa kulia ukishawapita wauza maua. Viti kumi na tisa, virefu kwelikweli, hata muuzaji anamtazama mnunuzi kwa juu kama hakimu. Mbele ya kila kiti pana meza ya vigae, na juu ya vigae mapapai, mananasi, pasheni na mastafeli yamepangwa kama yanakwenda kupigwa picha. Katika viti hivyo kumi na tisa, kumi na nane vina wanawake. Kimoja kilikuwa na Rómulo.

Msidhani alikipata kwa ustadi. Kiti kile ni cha mama yake, Doña Plácida Yucra, aliyekikalia miaka arobaini na mmoja mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi za kanisa akavunja nyonga. Binti yake Benita wakati huo alikuwa ananyonyesha. Rómulo alikuwa ametoka kufukuzwa na mwajiri wake wa nne. Basi mama akasema, "Kaa hapo kwa muda." Rómulo akakaa. Kukaa hakumshindi. Benita alipomaliza kunyonyesha akarudi sokoni, akakuta kiti kina mwenyewe, akavuta kigoda nyuma ya meza akawa anamenya matunda. Miaka sita: dada anamenya, anaosha, anasaga, anachuja; kaka anamimina na kupokea sifa.

Ila katika daftari la chama cha safu jina lililoandikwa pale bado lilikuwa la Plácida. Na mwaka huo, bibi yule alipotimiza miaka themanini na mmoja, alitangaza kwamba kabla ya sikukuu ya Bikira wa Guadalupe atakuja kukikabidhi kiti moja kwa moja, kwa mtoto mmoja, kwa maandishi. Kwetu kiti kikishaandikwa ni mpaka kufa. Asiyeandikwa hana chake hata awe amekifuta vumbi miaka mia.

Sokoni hakuna aliyeuliza atakuwa nani. Rómulo ndiye aliyekuwa juu ya kiti. Alichotakiwa kufanya kwa miezi mitatu ni kumimina juisi na kufunga mdomo. Nusu ya kazi aliiweza.

Sasa, juisi yetu ina desturi yake. Unaagiza, unapewa glasi iliyojaa, unakunywa. Ukimaliza unaisogeza glasi mbele, na muuzaji anakumiminia kilichobaki kwenye blenda. Hiyo ndiyo yapa, nyongeza yako, haina bei na haijawahi kuwa nayo. Muuzaji si mjinga. Bei ya glasi imeshapigiwa hesabu na yapa yake ndani. Kila mtu anajua. Lakini mkono ukiinua blenda mara ya pili, mnunuzi anajiona amependelewa yeye peke yake katika mji mzima, na kesho anarudi palepale. Ndivyo mtu anavyokuwa kasero wako, au kasera akiwa mwanamke. Na yeye anakuita hivyohivyo, kwa sababu mmeshachaguana.

Hayo Rómulo aliyajua tangu yuko tumboni. Ikaja semina ikamsahaulisha.

Ilifanyika kwenye ukumbi wa ghorofani karibu na kituo cha mabasi, Jumamosi tano, chai na biskuti ndani yake. Mwalimu alikuwa kijana aitwaye Iván Urioste, mwenye viatu vilivyochongoka na meno mengi. Mtaalamu wa ujasiriamali. Kijana yule hajawahi kuuza hata kiberiti. Alichouza maisha yake yote ni semina. Lakini alijua kusema. Aliwaambia bidhaa ni nini. Aliwaambia mteja ni nani, gharama ni nini, ushindani ni nini. Aliwaambia kila kitu unachompa mteja bila kumlipisha ni shimo kwenye ndoo yako. Hapo Rómulo, wanasema waliokuwepo, alisimama katikati ya watu akapiga paji la uso kwa kiganja.

"Yapa!" alisema. "Miaka sita navuja!"

Jumatatu iliyofuata alikuja na cheti kwenye fremu, akakipigilia msumari juu ya blenda. Alikuja na kitabu cha risiti, na mhuri. Na alikuja na ubao mweupe ameuandika kwa wino mwekundu: GLASI, BEI ILEILE. YAPA, BOLIVIANO MOJA. YAPA KUBWA, MBILI.

Wa kwanza kukumbana nao alikuwa Don Teófilo Careaga, mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyekuwa akinywa papai kwa maziwa kwenye meza ile tangu enzi za Doña Plácida. Akanywa, akafuta masharubu, akaisogeza glasi.

"Yapa, kasero."

"Boliviano moja, Don Teófilo."

"Ya nini?"

"Ya yapa."

Mzee akacheka. "Leo umeamka na mizaha."

"Sio mzaha, mwalimu. Ni bidhaa. Soma ubao."

Don Teófilo akavaa miwani akasoma, kisha akaivua akaifuta, akasoma tena. Kwenye kiti cha jirani alikuwa amekaa Doña Casilda Zárate, katibu wa chama, mwanamke ambaye ulimi wake unaweza kumenya nanasi.

"Yapa kubwa!" akapaza sauti. "Jamani, njooni muone! Rómulo anauza yapa! Kesho atauza 'karibu', keshokutwa 'asante' kwa kipimo!"

"Cheka tu, Doña Casilda," Rómulo akasema. "Kila mvumbuzi alichekwa."

"Mvumbuzi wa nini, baba? Wa nusu glasi?"

Don Teófilo alikuwa bado anajaribu kuelewa, maana ni mtu mstaarabu. "Mwanangu, ukiiuza si yapa tena. Inakuwa juisi kidogo."

"Ndiyo kuongeza thamani kwenyewe, mwalimu. Sasa una uchaguzi. Unataka huduma ya kawaida au huduma kamili?"

"Nataka juisi."

"Mteja hajui anachotaka mpaka aoneshwe."

Mzee akaitazama glasi yake tupu, akamtazama Rómulo, akaiweka glasi chini taratibu kama mtu anayeweka kitu cha msiba. Akapiga hatua mbili mpaka kwa Casilda. Casilda alimtangazia papai kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nyama, akamjazia, akamjazia yapa mpaka ikamwagika kwenye vigae, akamwongezea na ya tatu kwa kumkomoa jirani tu.

"Kunywa, kasero wangu," alisema. "Huku kwetu hatujasoma."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wachukuzi wa mizigo waliondoka siku ileile. Wauguzi wa zahanati ya jirani walivumilia mpaka Jumatano. Wanafunzi wa sheria walibaki wiki nzima, wakibishana naye kwa kujifurahisha, kisha wakachoka nao wakaenda.

Na mnajua ile juisi inayobaki kwenye blenda alikuwa anaifanyia nini? Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kwa kuwa hakuna aliyeinunua, aliihifadhi kwenye mtungi wa kioo, akiandika kibandiko: YAPA. Papai kwa maziwa lililosagwa asubuhi! Saa sita mchana lilikuwa limejitenga, maji chini, povu juu, na harufu ya kitambaa cha jikoni. Benita alikuwa anaubeba mtungi ule kila alasiri na kuumwaga kwenye mfereji. Mtu alikataa kuwapa wateja wake nusu glasi bure, akawa anaupa mfereji mtungi mzima. Na mfereji haukurudi kesho yake na rafiki zake.

"Kaka, tunamwaga," Benita alimwambia siku moja, mimi nikiwa nimekwenda kumpelekea mkate.

"Hiyo ni hasara ya mpito."

"Inapita kwenda wapi?"

"Benita, sikiliza. Tumepunguza wateja wasiotufaa. Wanabaki wale wenye uwezo."

Benita akaitazama meza. Alikuwepo mtalii mmoja, aliyekuwa anasubiri mvua iishe.

"Huyu?"

"Huyo ni soko jipya."

"Kaka Rómulo, mama anakuja kusaini baada ya wiki mbili. Anauliza kila jioni mauzo yakoje. Nimwambieje?"

"Mwambie tuko kwenye mageuzi." Akashusha sauti, ile sauti ya huruma ambayo watu wenye vyeti huwa nayo. "Na usiwe na wasiwasi. Kiti kikiandikwa jina langu sikufukuzi. Wewe ni mfanyakazi mzuri. Ila huna dira."

"Dira sina," Benita akasema, akiokota kisu chake. "Nina wateja wanaoniuliza utaugua lini."

Mimi nilisogea nikacheke mbali. Lakini Benita hakucheka. Ana watoto watatu, na mume wake yuko machimboni Potosí, anakuja mara moja kwa miezi miwili akikohoa. Kiti kikienda kwa kaka, kinakwenda kufa, na yeye anakufa nacho akiwa kwenye kigoda. Aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, na hakuwa amemwambia mama yake neno baya juu ya kaka yake. Jioni zote zile alikuwa akijibu, "Tunaendelea, mama."

Ila mama naye alikuwa na Don Teófilo, ambaye baada ya misa ana mdomo kama watu wengine wote.

Ikawa Alhamisi moja, kama saa nne, wakati wa salteña, zile sambusa zetu za mchuzi, soko limejaa watu wenye mchuzi kidevuni. Iván Urioste alikuja na kamera. Alikuwa anatafuta wahitimu wake wa kuwaonesha kwenye tangazo, na Rómulo alimwalika. Ilibidi ampange vizuri, maana ukipiga picha kwa upana ungeona viti kumi na nane vimezungukwa na watu na kimoja kimezungukwa na hewa. Kijana akapiga kwa karibu. Cheti, ubao, mhuri, uso wa Rómulo.

"Tuambie, Don Rómulo. Ulikuwa nani kabla ya semina?"

"Nilikuwa mtu wa kutoa tu," alisema Rómulo, na machozi yakamlengalenga, nawaapia.

Hapo ndipo watu walipoanza kupisha njia. Doña Plácida alikuwa anakuja na gongo lake, kofia kichwani, mikia miwili ya nywele nyeupe mgongoni, sketi ya marinda ya kijani ile ya siku kubwa. Peke yake. Hakuwa amekanyaga sokoni tangu nyonga ivunjike. Wanawake wa safu nzima walisimama juu ya vikanyagio vya viti vyao wakimsalimia, naye akiitikia kwa jina moja moja, mpaka akafika kwenye meza yake mwenyewe. Akakaa kwenye benchi la wanunuzi.

"Mama!" Rómulo akafungua mikono. "Mtaalamu, huyu ndiye mwanzilishi!"

"Mimi ni mteja," akasema bibi. "Pasheni, kasero. Usizidishe sukari."

Benita alisaga. Rómulo alimimina kwa madaha, kamera ikimtazama. Bibi alikunywa polepole mpaka mwisho, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaisogeza glasi mbele.

"Yapa, kasero."

Niliacha kuuza. Mwanamke mmoja alikuwa amenishikia hela mkononi, hata yeye aliacha kuninyooshea. Rómulo aliitazama blenda. Pasheni ilikuwemo, imebaki ya kutosha. Mkono wake ulikwenda mpaka kwenye mshikio, na kwa kitambo kidogo nilidhani damu imeshinda cheti.

"Vizuri sana," Iván akanong'ona nyuma ya kamera. "Mwoneshe, Don Rómulo. Mfumo mzuri hauna upendeleo."

Rómulo akakohoa.

"Boliviano moja, mama."

Doña Casilda alifanya ishara ya msalaba. Mahali fulani upande wa wauza maua mtu alisema neno ambalo silirudii. Lakini bibi hakukunja uso. Alifungua fundo la leso yake, akatoa sarafu, akaiweka kwenye kigae.

"Nimelipa. Nipe risiti."

Na Rómulo alifurahi! Ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Uso wake uling'aa kama vile hatimaye mtu mmoja katika ukoo amemwelewa. Alitoa kitabu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, akagonga mhuri, akampa mama yake kwa mikono miwili. Bibi akaikunja mara nne akaitia kifuani. Ile yapa hakuigusa. Alimwita mchukuzi mmoja aliyekuwa anapita na gunia la viazi.

"Kunywa wewe, baba. Imeshalipiwa."

Akashika gongo lake akaondoka.

"Mama mwenye uelewa mkubwa," akasema Iván, na kufunga kamera yake.

Mkutano wa chama ulifanyika Jumatatu alasiri, palepale sokoni, sisi wa jirani tukiruhusiwa kusikiliza tukiwa tumesimama. Rómulo alivaa koti. Alikuwa na karatasi mfukoni, hotuba ya kushukuru, kurasa mbili. Casilda alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akauliza Doña Plácida Yucra anamwandikisha nani.

Bibi alitoa risiti kifuani akaiweka juu ya daftari.

"Soma kwanza hiyo."

Casilda akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisoma bila kutia chumvi. "Yapa moja. Boliviano moja. Imelipwa taslimu. Mhudumiwa: Doña Plácida Yucra. Asante kwa kutuchagua."

Walicheka wachache. Halafu wakaacha.

"Miaka arobaini na mmoja," akasema bibi, "nimeuza juisi. Nimeuza na ya ndizi mbovu wakati wa njaa, sikatai. Hicho kilichoandikwa hapo sijawahi kukiuza. Basi anachofanya huyu ni kazi nyingine, na kazi nyingine atafute kiti kingine. Andika Benita."

Rómulo alisimama. "Mama, lakini ulilipa! Kama ulikuwa hukubali, kwa nini ulilipa?"

"Ningekataa kulipa, ungesema sikukuelewa. Nimelipa ili uandike."

"Hii ni kazi ya hisia!" Rómulo aliwageukia wanawake kumi na nane. "Hamuoni? Hivi ndivyo tunavyobaki nyuma! Bidhaa ni bidhaa! Soko ni soko!"

"Soko ni letu, baba," Casilda akasema huku anaandika. "Kaa chini, koti litajikunja." Akainua kichwa. "Benita Barja, njoo uweke sahihi. Na acha kulia, utalowesha daftari."

Rómulo hakukaa. Alitoa zile kurasa mbili mfukoni, na kwa kuwa alikuwa ameziandika, akazisoma. Zote. Aliwashukuru kwa imani waliyompa. Wanawake walikuwa wanafunika matunda yao kwa maturubai na kuagana. Akaendelea mpaka mlinzi alipokuja na funguo.

Kesho yake Benita alipanda kile kiti. Kwanza alipanda akashuka, akakifuta, akapanda tena. Don Teófilo alifika saa mbili kamili, na nyuma yake wachukuzi, na ilipofika saa tano wauguzi walikuwa wanagombea benchi. Kilichokuwa kinakosekana ni mtu wa kumenya. Benita alituma salamu kwa kaka yake kwamba kigoda kiko wazi. Rómulo akajibu kwamba mjasiriamali haajiriwi, anashirikiana.

Alishirikiana Ijumaa, saa tatu na nusu, bila koti. Alikaa kigodani, akapewa kisu na papai. Mimi nilikuwa pale, nimeleta mikate. Alimenya ganda nene kama soli ya kiatu; nusu ya tunda ilikwenda nalo.

Benita aligeuka kule juu. "Kaka, hilo ni ganda au ni papai?"

"Ni ganda." Rómulo aliliinua, akaligeuza kwenye mwanga, na nikaona macho yake yanaanza tena kung'aa. "Unajua, Benita, nimekuwa nikifikiria juu ya haya maganda. Kila siku tunayatupa. Mtu mwenye dira angeweza..."

"Menya," akasema Benita.